TAHADHARI: Drili za betri za "48V", "88V" na "128VF" ni volti 18 tu ndani

Wadau, ukiona tangazo la drili ya betri iliyoandikwa 48V, 88V, 98VF au 128VF, yenye betri mbili, sanduku la plastiki na rundo la biti (ncha za kutobolea na kukazia skrubu) kwa bei isiyofika hata ya betri moja halisi, usitume pesa. Namba hiyo ni ya uongo. Betri hizo zikifunguliwa, kwa kawaida hukutwa na seli tano (betri ndogo za ndani) za lithiamu zilizounganishwa mfululizo, yaani volti 18, daraja lilelile la drili ya kawaida ya nyumbani. Na mara nyingi seli zenyewe ni dhaifu kuliko za drili hiyo ya kawaida.

Hesabu ni rahisi. Seli moja ya lithiamu ni volti 3.6, na ikijaa kabisa inafika 4.2. Tano zikifuatana zinatoa 18, zikijaa 21. Ndiyo maana 18V, 20V Max na 21V ni kitu kimoja: mmoja ametaja volti za kazini, mwingine za betri ikiwa imetoka kwenye chaja. Kampuni ya DeWalt huuza mfumo uleule kwa jina la 20V Max Marekani na 18V XR Ulaya, na hapo hakuna aliyedanganywa. Lakini ili upate volti 88 za kweli unahitaji seli 24 au 25 zifuatane. Seli ya aina ya 18650 (upana milimita 18, urefu milimita 65) ina uzito wa gramu 45 hivi, kwa hiyo seli peke yake zingezidi kilo moja, bila kasha. Betri inayoshikika kwa kiganja kimoja haiwezi kuwa na kitu hicho ndani. Herufi VF nazo si kipimo chochote cha umeme. Zinampa tu muuzaji mlango wa kutokea ukimbana.

Si kila namba kubwa ni ya uongo. Mfumo wa 40V max wa kampuni ya Makita una seli kumi mfululizo, na mfumo wa FlexVolt wa DeWalt una kumi na tano. Ila betri za mifumo hiyo ni nzito na bei zake zinajulikana. Hakuna anayezigawa pamoja na biti mia moja.

Uongo wa pili uko kwenye ujazo, yaani kiasi cha umeme betri inachobeba, na huu unawanasa hata mafundi. Seli bora kabisa ya 18650 inabeba ampea-saa (Ah) 3.5 hivi. Betri ya seli tano za aina hiyo haiwezi kuvuka hapo, na nyingi za kweli ni 1.5 au 2.0. Ukitaka 5.0 kwa seli hizo, lazima ziwe kumi, safu mbili za tano tano. Sasa chukua lebo inayosema 88V na 7500 mAh (yaani 7.5 Ah): volti mara Ah, hizo ni wati-saa 660. Betri ya seli kumi bora haifiki 130. Mwenye kuchapa lebo hakupiga hesabu kwa sababu anajua mnunuzi hapigi.

Kabla ya kulipa, fanya vipimo viwili. Beba multimita (kifaa cha kupimia umeme), iweke kwenye volti za DC kipimo cha 200, gusa ncha za chanya na hasi za betri. Ikisoma kati ya 17 na 21, ni betri ya seli tano, hata kama ubavuni imeandikwa 128. Kisha ipime kwenye mizani ya jikoni. Betri halisi ya volti 18 yenye 2.0 Ah huwa na gramu 350 hadi 400, ya 5.0 Ah huzidi 600. Betri ya "6.0 Ah" yenye gramu 400 haina seli kumi. Uzito mkubwa, kwa upande mwingine, si ushahidi kamili, maana kasha linaweza kujazwa kitu kingine.

Ujazo wenyewe unapimwa nyumbani ndani ya siku za kurudisha bidhaa. Chaji betri ijae, unganisha taa mbili za gari za volti 12, wati 21, mfululizo (moja baada ya nyingine, si sambamba), ziwashe na uangalie saa. Zitakula ampea 1.5 hivi. Betri ya kweli ya 2.0 Ah itakaa saa moja na dakika 15 au zaidi kidogo kabla ya kushuka hadi volti 15. Ikifika 15 kata mara moja, kwa sababu chini ya hapo seli zinaweza kuharibika. Usiondoke pale, na taa ziwe juu ya kigae au bati, zinapata joto kali. Ikizimika baada ya dakika 25, piga picha ya saa na ya multimita. Huo ndio ushahidi wako.

Sehemu inayotutia hofu kuliko zote ni chaja. Chaja nzuri huacha kusukuma umeme betri ikijaa, na betri nzuri ina waya nyembamba zinazotoka kila seli kwenda kwenye bodi ya kielektroniki ili seli zote zilingane. Kwenye hizi za bei ya kutupa, mara nyingi waya hizo hazipo. Bodi inaona jumla tu. Seli moja ikichoka, nyingine inapokea zaidi ya volti 4.2 na hakuna wa kuizuia. Hapo ndipo joto, moshi na moto huanzia. Pima chaja ikiwa haina betri: kwa betri ya seli tano isome 21. Ikizidi hapo kwa nusu volti au zaidi, usiichomeke kamwe. (Chaja za kampuni kubwa huweza kusoma sifuri bila betri, hilo ni la kawaida.) Usichaji betri ya kutilia shaka usiku mmelala, wala karibu na maranda ya mbao au tina ya rangi.

Kuhusu mashine yenyewe. Neno "Brushless" (mota isiyo na brashi za kaboni) limechapwa kwenye drili nyingi zenye mota ya brashi za kaboni. Ijaribu mahali penye kivuli, chungulia matundu ya nyuma huku ukiibonyeza: cheche za buluu zikionekana, kuna kaboni ndani. Alama ya nyundo pia huchapwa bure. Drili yenye nyundo hasa haigongi ikizunguka hewani. Inagonga ukiikandamiza kwenye tofali, kwa sababu sahani mbili zenye meno ndani zinapandana. Ukikandamiza na usisikie mtetemo wowote, ni mchoro tu. Na hata ikigonga, zege lenye nondo si kazi yake.

Funga biti iliyonyooka kwenye chaki (mdomo wa drili unaoshika biti), izungushe polepole, tazama ncha. Ikichora duara, iache.

Kisha peleka skrubu ya milimita 6 × 80 kwenye ubao laini, gia namba 1. Drili nzuri ya volti 18 inaizamisha bila kusita. Rudia na klachi (pete ya namba inayokata nguvu skrubu ikikaza) ikiwa kwenye 1: inapaswa kukatika mapema kwa sauti ya kra-kra. Klachi isiyokatika itavunja vichwa vya skrubu na kukupinda mkono. Harufu ya vanishi iliyoungua baada ya skrubu tano sita ina maana mota haiwezi kazi.

Kuna pia wanaouza mashine halisi kwa picha ya uongo: picha ina betri mbili, inayokuja ni mashine tupu. Soma mwisho wa namba ya modeli. Makita wanaweka Z kwa mashine tupu, Milwaukee wanaweka -0 au -20, DeWalt N au B kutegemea soko. Muulize muuzaji kwa maandishi, "Ndani ya boksi kuna betri ngapi, za Ah ngapi, na chaja?" Akijibu kwa simu tu, au akikuhamisha nje ya programu ya mauzo ili ulipe moja kwa moja, achana naye. Anayekataa mzigo ufunguliwe mbele ya mleta mizigo kabla ya malipo, naye vilevile.

Kama umeshanunua, usiifungue betri, maana atakwambia umeiharibu wewe. Rekodi video ya mfululizo: lebo, multimita, mizani, bila kukata. Tuma dai ndani ya muda wa kurudisha ukitaja mambo matatu: volti zilizoandikwa, volti zilizopimwa, uzito. Hifadhi tangazo kwa picha leo hii, kwa sababu hufutwa na kupandishwa tena kwa jina jingine. Betri iweke nje ya nyumba, ncha zake zikiwa zimefunikwa kwa utepe wa umeme, mpaka itakaporudishwa au kupelekwa kwa wanaopokea betri chakavu.