SGR Dar, Morogoro na Dodoma: inamfaa nani, na anatoka wapi?

Ukiuliza watu wa Dar treni ya SGR, ile ya umeme kwenye reli ya kisasa, inatumia muda gani kufika Morogoro, utaambiwa chini ya saa mbili, na jibu ni sahihi. Ila hakuna anayeishi stesheni. Anayetoka Bunju na anayetoka Kurasini wanapanda treni moja, lakini safari zao hazifanani, na mmoja wao huenda angefika mapema zaidi kwa basi. Kwa hiyo hapa tunaipima huduma hii kuanzia mlangoni kwa abiria hadi anakokwenda, kwa ajili ya mtu anayesafiri kila wiki au kila mwezi: mtumishi aliyehamishiwa Dodoma na familia ikabaki Dar, mwanafunzi wa chuo cha SUA Morogoro au UDOM Dodoma, mfanyabiashara wa Kariakoo, mgonjwa wa kliniki ya Muhimbili.

Treni za Morogoro zilianza kubeba abiria tarehe 14 Juni 2024, za Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huohuo. Mwendo wake unafika kilomita 160 kwa saa. Kasi hiyo haitokani na injini ya umeme peke yake. Reli hii ina upana wa milimita 1,435, wakati ile ya zamani ina milimita 1,000. Imezungushiwa uzio, na barabara zinapita juu au chini yake, hivyo dereva hapunguzi mwendo kwa sababu ya lori lililokwama kwenye makutano. Basi, kwa upande wake, lina kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ni 50. Ukijumlisha Kibaha, Mlandizi na Chalinze, hizo 50 zinakula muda mwingi kuliko abiria wengi wanavyodhani. Morogoro kwa basi hesabu saa nne, na foleni ikikolea ni zaidi. Dodoma kwa treni ni kama saa tatu na nusu. Kwa basi ni siku nzima ya kazi.

Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka 2024 na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, ni shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Pugu ni 1,000, Soga 4,000, Ruvu 5,000, Ngerengere 9,000, Kilosa 18,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu, aliye chini ya hapo halipiwi. Ukigawa nauli ya mtu mzima kwa kilomita, ni takribani shilingi 69.51. Basi la kawaida, kwa viwango vya Desemba 2023, ni 48.47, na la daraja la kati ni 67.84. Kwa maneno mengine, aliyekuwa akipanda basi la kati lenye kiyoyozi haongezi kitu cha maana akihamia kwenye treni. Aliyekuwa akipanda basi la kawaida anaongeza pesa inayoonekana, na akiwa na mke na watoto watatu hiyo si tofauti ya kupuuzia.

Sasa tuje kwenye mitaa, maana hapo ndipo uamuzi ulipo.

Wa Kigamboni ndio waliobahatika. Pantoni, kisha Barabara ya Sokoine moja kwa moja hadi Stesheni, treni inakoanzia, umbali ambao asiye na begi zito anautembea. Wa Mbagala, Temeke, Kurasini, Ilala na Kariakoo nao treni inawafaa, kwani kituo cha mwendokasi cha Gerezani ni jirani kabisa na Stesheni. Wa Ukonga, Gongo la Mboto na Kitunda wasije mjini: wapandie Pugu. Wengi wanasahau kituo hiki, wanahangaika na foleni ya Barabara ya Nyerere asubuhi, halafu treni inawarudisha kulekule walikotoka. Hakikisha tu wakati wa kukata tiketi kwamba treni uliyochagua inasimama Pugu, kwani ya haraka haisimami vituo vidogo.

Kimara, Mbezi, Kibamba na Kibaha hali ni tofauti. Kituo cha mabasi cha Magufuli kiko Mbezi Luis, na SGR haina stesheni Kibaha. Mtu wa Kibamba anayekwenda Morogoro akirudi mjini kufuata treni, atatumia saa moja na nusu kwenda upande usio wake, kisha saa nzima ya kusubiri, ndipo aanze safari. Wakati huo basi lingekuwa limeshaiacha Chalinze nyuma. Kwake treni inaanza kulipa akienda Kilosa au Dodoma. Tegeta na Bunju ni vivyo hivyo: barabara ya Madale na Goba inawatoa Mbezi bila kugusa makutano ya Mwenge wala ya Morocco, hivyo kwa Morogoro basi linatosha. Kwa Dodoma hatusiti, popote ulipo Dar, panda treni.

Masika, Machi hadi Mei, yana hesabu yake. Mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani, na mwenye tiketi anayetoka Magomeni au Ubungo anabaki upande usio na stesheni huku saa zinakwenda. Mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, usijaribu bahati. Shika Barabara ya Mandela hadi Buguruni, uingie mjini kwa Barabara ya Uhuru au ya Nyerere, na uongeze saa nzima.

Tiketi inakatwa mtandaoni au dirishani. Mtandaoni unachagua safari, behewa na kiti, unajaza namba ya kitambulisho, unapewa namba ya malipo, kisha unalipa kwa simu. Kosa linalowagharimu wengi lipo hapa: kupata namba ya malipo si kupata kiti. Ukichelewa kulipa, nafasi inaachiwa na mwingine anaichukua. Kosa la pili ni kumkatia mzazi tiketi kwa jina linaloitwa nyumbani. Jina lilingane na kitambulisho atakachobeba, kwa sababu getini vinaangaliwa vyote viwili. Piga picha ya skrini ya tiketi ili usitegemee bando ukiwa mlangoni, na simu iwe na chaji.

Ijumaa jioni na Jumapili jioni viti huisha mapema, na wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, huisha mapema zaidi. Anayesafiri kila wiki na akate ya kwenda na kurudi kwa pamoja.

Fika saa moja kabla, na ukiwa na watoto ongeza nusu saa. Mabegi yanapita kwenye mashine ya ukaguzi na mstari wa treni ya alfajiri ni mrefu. Treni haimsubiri mtu, wala hakuna konda wa kumpigia simu akushikie.

Mzigo ndio udhaifu mkubwa wa huduma hii kwa mfanyabiashara. Treni ya abiria imepangwa kwa mabegi. Gunia la mchele, tenga la nyanya, balo la mitumba, yote hayo yana nafasi kwenye buti la basi, na konda atayashusha Mikese au Dumila ukimwelekeza. Kwa mwenye bidhaa, huo ndio ukweli, na mpaka mfumo wa vifurushi uwe mwepesi kama wa mabasi, kituo cha mabasi cha Mbezi hakitakauka wateja.

Upande wa pili pia una gharama. Basi linakushusha Msamvu, penye daladala za kila upande na magari ya Iringa. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, kwa hiyo tenga nauli ya bajaji au bodaboda, na ukubaliane bei kabla ya kupanda. Anayekwenda Mzumbe anapoteza hapo muda wake mwingi.

Hitilafu ikitokea, mara nyingi ni umeme. Treni inavuta kilovolti 25 kutoka waya wa juu, na sehemu moja ya waya ikipata shida, kila treni iliyo kwenye kipande hicho inasimama. Ilishatokea mwaka 2024, huduma ikiwa bado changa. Basi likiharibika abiria huhamishiwa jingine, lakini treni iliyokwama porini inasubiri mafundi, kwa hiyo mwenye mtihani au kesi asipange treni ya mwisho inayomfikisha kwa wakati. Beba maji, kwani madirisha hayafunguki na hakuna muuza machungwa kama Chalinze.

Ndani pametulia, na anayetaka kufanya kazi kwenye kompyuta ataweza, isipokuwa kati ya Kilosa na Kidete, penye mahandaki manne yanayokata mtandao. Ukienda Morogoro kaa dirisha la kushoto uione Milima ya Uluguru. Ukirudi Dar usiku sana, daladala za mbali zimepungua. Usichukue usafiri wa kwanza unaokuvuta mkono mlangoni. Agiza kwa programu ukiwa bado ndani ya jengo, kwenye mwanga, au tembea na wenzako hadi Gerezani.