Feni za umeme kwenye Hilux 3L: fundi umeme wa Unga Limited aliyenifungia

Wakuu, mwenye pikapu ya zamani Arusha na gari inapandisha joto akikaa foleni au akipanda na mzigo, hii inakuhusu. Nimefunga feni mbili za umeme kwenye Hilux yangu, injini 3L, ile dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo, kwa fundi umeme mmoja ana kibanda maeneo ya Unga Limited, na nimeshaitumia vya kutosha kusema kipi kizuri na kipi hakijaniridhisha.

Shida ilianzia kwenye klachi ya feni. Kwa wasioijua, feni ya kiwandani kwenye hizi gari imekaa mbele ya wotapampu inazungushwa na belti, na katikati kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni ndani, ikipata joto inakamata feni inazunguka kwa nguvu, ikipoa inaachia. Yale mafuta yakivuja basi, feni inazunguka kwa uvivu hata injini ikiwa inaungua. Ukiona injini imepata moto, ukaizima, ukazungusha feni kwa mkono ikazunguka laini kabisa bila kukaza, jua klachi imekufa. Yangu ilikufa, mpya orijino bei yake nilishindwa, na za mtumba nyingi zimechoka hivyo hivyo.

Sasa mafundi wengi mjini ukiwaambia feni ya umeme kazi yao ni moja, wanachukua feni ya gari ndogo, wanaikaza kwenye rejeta kwa kebo tai zinazopita katikati ya matundu, waya mmoja betri mwingine bodi, swichi kwenye dashibodi, wamemaliza. Dairekti. Ukisahau kuwasha unaunguza gasketi ya hedi, ukisahau kuzima asubuhi betri hamna kitu, na zile kebo tai gari ikitikisika kwenye rafuroad zinasugua mirija ya rejeta mpaka inatoboka. Huyu bwana nilipomtajia tu neno hilo akanijibu, "Hapana bosi, mimi dairekti sifungi, ukitaka hiyo wapo wenzangu pale mbele." Hapo ndo nikaanza kumwamini.

Kitu cha kwanza hakugusa feni kabisa, alianza na thamostati, ile valvu inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Mtu wa nyuma alishaitoa, ule ugonjwa wa mafundi wetu, gari ikichemsha kidogo tu "toa thamostati". Akanieleza vizuri kabisa kwamba bila hiyo kitu injini haifiki joto lake, dizeli inaungua vibaya, mafuta yanaenda, na hata swichi ya feni inachanganyikiwa maana maji hayatulii. Akaweka ya nyuzi 82. Akabadilisha na mfuniko wa rejeta, maana presha ikivuja pale maji yanachemka mapema, na sisi Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na presha huku yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Mfuniko mzima unayabana yasichemke. Sikuwahi kusikia fundi anamwambia mteja hilo.

Alafu akakata bati la alumini likafunika rejeta nzima upande wa injini, akatoboa matundu mawili ya feni, kwa sababu feni bila kava inavuta hewa pale ilipo tu, zile pembe za rejeta zinabaki hazifanyi kazi. Kava imekazwa kwenye masikio ya rejeta kwa bolti na raba, hakuna kilichogusa matundu. Alivyomaliza akawasha feni akaweka karatasi mbele ya rejeta, ikanaswa pale pale haidondoki. Ndo kipimo chake kwamba zinavuta hewa kutoka mbele, maana ukigeuza waya mota inazunguka kinyume, feni inasukuma hewa mbele inapigana na upepo wa barabarani, na kuna watu wanatembea hivyo mwaka mzima hawajui kwa nini gari inachemka wakikimbia.

Kwenye waya ndo mnisikilize, hapa ndo nimelipia hela yangu kwa moyo mweupe. Kila feni ina rilei yake (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa) na fyuzi yake ya ampea 20, fyuzi imekaa karibu na betri, sio karibu na feni, ili waya ukichunika popote njiani fyuzi ikatike kabla moto haujawaka. Alipima kwa klampu mita feni moja inakula ampea 11 ikiwa imeshachanganya, ila inapoanza inaruka juu sana kwa sekunde chache, kwa hiyo waya ni wa milimita 4 za mraba, sio zile nyuzi za spika. Umeme mkubwa unapita kwenye rilei, swichi ya joto inaamrisha rilei tu, umeme kidogo sana, haiungui kirahisi. Swichi yenyewe ni ya hatua mbili, imefungwa kwenye paipu ya juu ya rejeta: maji yakifika nyuzi 92 hivi inawaka feni ya kwanza, yakiendelea hadi 99 inaingia ya pili, kwa hiyo haziwaki zote kwa mpigo kuishtua alteneta. Ukiwasha AC feni ya kwanza inawaka hapo hapo. Ukizima funguo zote zinazima.

Na nikamwomba swichi ya dashibodi yenye hatua tatu, oto, zima, na washa kwa nguvu. Hii ya kuzima mimi naihitaji sana, nabeba vitunguu kutoka Mang'ola kuja soko la Kilombero, masika unakuta korongo limejaa, ukiingia kwenye maji na feni inazunguka mapanga yanapinda au yanakatika yanakula rejeta. Unazima, unavuka, unarudisha oto.

Matokeo sasa. Foleni ya Sakina na AC inafanya kazi, mshale wa joto unakaa chini kidogo ya katikati haucheki wala haulii. Ule mngurumo wa feni ya belti umeisha, asubuhi za baridi za Julai injini inapata joto mapema. Mafuta sijaona tofauti ya kusema, na nikiwa natembea zaidi ya kilomita 60 kwa saa kwenye lami feni karibu haziwaki kabisa, upepo unatosha. Pale penye kazi ni kupanda kutoka Mang'ola kwenda Karatu na gunia zimejaa, gia ya pili, vumbi, upepo hakuna. Feni zote mbili zinawaka na zinabaki zimewaka, mshale unapanda kidogo unasimama. Inavumilia, lakini niseme ukweli, feni ya kiwandani yenye klachi nzima inavuta hewa nyingi kuliko hizi feni. Kama yako bado nzima na kazi yako ni mzigo mzito milimani, usiitoe.

Yasiyoniridhisha: anafanyia kazi nje, mvua ikinyesha kazi imelala, na ahadi ya jioni ikawa kesho yake mchana. Waya zote ametumia nyekundu, zote! Siku ikiharibika njiani fundi wa Karatu ataanzia wapi? Ilibidi nimkalie kooni ndo akabandika tepu zenye namba na kunichorea kwenye karatasi. Na soketi ya rilei moja ilianza kupata moto mpaka plastiki ikalainika, nikamrudishia, akaifungua mbele yangu, akakuta kiunganishi kimelegea, akabadilisha soketi na rilei hakuniomba hata mia.

Gharama: feni mbili za mtumba 110,000, swichi, rilei, fyuzi na waya 75,000, thamostati na mfuniko 40,000, kava na ufundi 100,000. Nililipa nusu mwanzo, nusu baada ya gari kukaa sailensa (imesimama, injini inazunguka bila kukanyaga mafuta) nusu saa AC ikiwa imewaka. Ukienda dai hilo jaribio kabla hujatoa hela ya mwisho, alafu shika fyuzi na soketi za rilei kwa mkono zikiwa zinafanya kazi: uvuguvugu sawa, zikikuunguza kidole mwambie afungue upya. Na dai waya za rangi tofauti kabla hajaanza kukata.