Jiko la umeme la presha na usingizi wa muuguzi wa zamu

Nimelitumia jiko hili la lita 6 kwa miezi minne hapa Dar es Salaam. Awali maharage yalinichukua karibu saa 3 juu ya mkaa, na mimi niliyerejea asubuhi kutoka zamu ya usiku ndiye niliyepepea jiko, huku mume wangu, ambaye naye hufanya kazi kwa zamu, akirudi hupitiliza kitandani. Sasa huiva ndani ya saa 1 bila kusimamiwa, nami hulala kwa muda wa saa 6 badala ya 4, na kichwa hakinigongi tena kazini. Kasoro yake ni mpira wa mfuniko, unaong'ang'ania harufu ya vitunguu hata ukisuguliwa kwa limau. Vyombo bado vinanisubiri mimi, ingawa hilo si kosa la jiko.