ThinkPad T480: acheni kuuliza i7, ulizeni betri

Watu wengi wakiingia duka la laptopu swali la kwanza ni "ina i7?", muuzaji anasema ndiyo, hela inatoka. Jamani hiyo i7 ni daraja tu la prosesa ya Intel (ubongo wa laptopu), peke yake haikwambii kitu! Angalia herufi ya mwisho kwenye jina la prosesa. U ni ya wati 15, inakula chaji taratibu, H au HQ ni wati 45, nguvu inayo kweli ila feni inavuma na betri inaisha chap. Halafu cheki jenereshen, yaani kizazi cha prosesa, maana i5-8250U ya gen ya 8 ina kori (vitengo vya kuchakata kazi) 4 wakati i7-7500U ya gen ya 7 iliyotangulia ina 2 tu, kwahiyo kwenye kazi nzito hiyo i5 inaiacha mbali, na Windows 11 inaikubali gen ya 8 ila hiyo 7500U haimo kwenye orodha yao.

Mi natumia ThinkPad T480, laptopu ya Lenovo, ya mtumba, toleo la 2018, i5-8250U, RAM GB 16. Excel, Zoom, kurasa za Chrome kibao, zote inabeba bila kukwama. Ila kilichonifanya niipende ni betri, ziko mbili, ya ndani wati-saa 24 na ya nyuma ambayo unaichomoa, na hiyo ya nyuma ukipata ile kubwa ya wati-saa 72 aisee umemaliza kila kitu. Inaanza kula ya nyuma, ya ndani inabaki akiba, so ya nyuma ikiisha unachomoa unapachika nyingine huku kazi inaendelea, huzimi kitu. Umeme ukikatika ofisini wenzangu wanapunguza mwanga wa skrini, mi nachapa kazi. Hiyo kubwa inatokeza kwa chini, laptopu inainuka nyuma na uzito unaongezeka, kwangu sawa tu.

Ubaya wake ni kioo, mwanga hafifu, juani husomi, na zipo za 1366x768, hizo achana nazo tafuta 1920x1080. Kama unaedit video au unacheza gemu kubwa hii si yako, chukua yenye prosesa ya H na ukae karibu na soketi.

Kabla hujalipa fungua CMD (dirisha la kuandika amri kwenye Windows) andika powercfg /batteryreport, kisha kwenye ripoti linganisha DESIGN CAPACITY (ujazo wa betri ikiwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (inavyojaa sasa). Betri iliyotoka na 72,000 mWh (ndiyo wati-saa 72) sasa inajaa 30,000 hiyo imechoka, ashushe bei ukanunue nyingine, na asipotaka hata kukufungulia hiyo ripoti, we nenda duka la pili.