Kaptula ya mtoto: kitenge kipya au shati kuukuu la baba?

Kwa mtoto wa miaka 3, nusu mita ya kitenge inatosha kaptula moja. Kitenge kina rangi za kupendeza, ila cha pamba hunywea na huchuja. Kiloweke, kifue na kukianika kabla ya kukata, la sivyo kaptula itabana baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Shati kuukuu limeshamaliza kunywea, ni laini, na halina gharama. Kata kwenye mgongo na vifua. Viwiko na kola huwa vimelika. Kama pindo la chini limenyooka, lifanye liwe pindo la miguu, utapunguza kazi ya kushona. Kabla ya kukata, inua kitambaa kwenye mwanga: panapopenya mwanga sana patachanika upesi.

Kwa vyote viwili, panapoachia kwanza ni msamba. Kipande cha nyuma kiwe kirefu kuliko cha mbele kwa sentimita 3 hivi upande wa kiunoni, maana mtoto huchuchumaa siku nzima, kisha piga mshono wa msamba mara mbili. Lastiki ipungue sentimita 3 kwenye kipimo cha kiuno.

Ya kuchezea, chagua shati. Kitenge kiwe cha sikukuu.