Karafuu iliyo hai na karafuu iliyokufa: ununue nini kulinda mchele, maharage na doti zako

Kisutu cha marehemu mama yangu, alichovaa siku ya ndoa yake Tanga, nilikitoa sandukuni mwezi wa tatu nikakuta kimeliwa. Si tundu moja. Ukikiinua kuelekea dirishani, mji wa kanga umekuwa chekeche, na pindo la upande mmoja limebaki nyuzi. Nikaingiwa na wasiwasi nikaenda moja kwa moja jikoni, nikafungua ndoo ya mchele wa Kyela niliyoijaza Desemba. Fukusi wametapakaa juu, na ukitia mkono chini unatoka na vumbi jeupe.

Kote kuwili nilikuwa nimeweka karafuu. Robo kilo, nimeinunua sokoni kwa muuzaji wa viungo, nusu nikaifunga kwenye vitambaa vya sandukuni, nusu kwenye ndoo. Mama alifanya hivyo hivyo miaka yote na nguo zake hazikuguswa. Basi nikamwita jirani yangu, mama mmoja wa Pemba, nikamwekea karafuu zile kiganjani. Akachukua moja, akaibinya kwa ukucha, akanionyesha ukucha wake mkavu. "Mwanangu, hizi zishakamuliwa. Mafuta yake yashakwenda zake, wewe umeuziwa makapi."

Tangu siku hiyo sinunui kitu chochote cha asili cha kufukuza wadudu kabla ya kukipima. Watu hushauriana karafuu ama mwarobaini, sandukuni uweke ngapi, lakini sijasikia anayeuliza kama karafuu yenyewe bado ina kitu ndani. Kinachomkera mdudu ni mafuta. Karafuu nzuri huwa na mafuta kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, ile ile inayotia ganzi jino linalouma. Mafuta yakishavukizwa kiwandani, ganda linalobaki bado lina umbo la karafuu. Likianikwa likakauka, mtu asiye mwaminifu hulichanganya na nzima, na machoni huwezi kutofautisha upesi.

Ndiyo maana nawaomba mpime pale pale mezani kwa muuzaji. Kwanza ukucha: bonyeza shina la karafuu chini kidogo ya kichwa. Iliyo hai hutoa unyevu wa mafuta unaong'aa, na kidole kinanukia mpaka jioni. Iliyokamuliwa huvunjika kama njiti. Pili ulimi: itafune kidogo, usiposikia ukali na ganzi, irudishe. Tatu, na hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, maji. Mimina maji kwenye glasi au kifuniko cha chupa kubwa, dondosha karafuu kumi. Nzima huzama, au husimama wima kichwa kikiwa juu. Iliyokwisha mafuta hulala ubavu juu ya maji. Zile zangu nilizijaribu nyumbani: kati ya kumi, saba zililala. Angalia pia vichwa. Karafuu yenye kichwa chake cha mviringo imetunzwa. Fungu lililojaa vikonyo na vichwa vilivyopukutika limepigwapigwa au limechanganywa na makonyo.

Sasa nipange ninavyovipenda, na nitenganishe chakula na nguo, kwa sababu wauzaji wanatuuzia dawa moja kwa mambo mawili tofauti.

Kwa nafaka, cha kwanza kwangu si karafuu tena. Ni mfuko wa PICS, mfuko wa kuhifadhia nafaka usiopitisha hewa, na nausifu bila kuficha. Ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani wakishirikiana na wenzao wa Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde za wakulima. Una tabaka tatu: mifuko miwili ya nailoni nzito, mmoja ndani ya mwenzake, na nje kiroba cha kawaida cha kuubeba. Unaukamua hewa, unasokota mdomo, unaukunja na kuufunga kwa kamba, kila tabaka peke yake. Fukusi waliomo wanaimaliza hewa, wanaacha kula, wanakufa. Hakuna dawa wala harufu, na maharage yanabaki na ladha yake.

Hapa ndipo karafuu inapokosa nguvu hata ikiwa nzima. Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huliziba tundu. Mchele au mahindi unayobeba dukani yakiwa yanameta yanaweza kuwa tayari na mayai. Harufu humzuia wa nje asiingie, lakini aliyekwishazaliwa ndani ya punje haimtoi. Mfuko usiopitisha hewa unamfuata huko huko. Mwenye friza na mchele kidogo anaweza kuulaza humo siku nne kabla ya kuuhifadhi, mayai yanakufa. Unga pia nafanya hivyo.

Mfuko huu una masharti mawili. La kwanza, nafaka iwe imekauka kweli. Chukua chupa kavu, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, anika tena. Ukifungia nafaka yenye unyevunyevu unakaribisha ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Dodoma na Manyara mwaka 2016 watu walipoteza maisha kwa sumukuvu, na hiyo haiondoki kwa kupika. La pili, kagua matundu. Ujaze hewa mfuko wa ndani, ubane mdomo, uugandamize huku ukisikiliza. Dumuzi hutoboa hata nailoni. Ni yule aliyetoka Amerika ya Kati, akatusumbua Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpaka wakulima wakampa jina la Scania. Kwa hiyo usiufungie mahindi ambayo yamekwishabunguliwa sana.

Na tabaka uzihesabu mwenyewe. Mara ya mwisho niliuziwa mfuko wenye nailoni moja tu ndani, kwa bei ya ule kamili. Niliporudi, kijana wa duka akaniambia eti "ndiyo toleo jipya". Si kweli, na alijua si kweli. Kijijini kwa shangazi niliupata kwa shilingi 5,000. Mjini wananiambia 8,000, na ule wa kilo 50 tunaouhitaji sisi tunaoishi kwenye vyumba viwili hawauleti, wanajaza wa kilo 100. Mimi naujaza theluthi moja tu, naukamua hewa vizuri na kuufunga chini karibu na nafaka. Unafanya kazi.

Kwa nguo, nafasi ya kwanza bado ni karafuu, kwa sharti la maji na ukucha. Zifunge kwenye kitambaa cha pamba, zisiguse nguo moja kwa moja kwa sababu mafuta yanaacha doa la kahawia kwenye nguo nyeupe. Kila baada ya miezi mitatu nazibinya. Zikikauka natoa, naweka nyingine.

Lakini kuna jambo nililochelewa kulijua, na kisutu cha mama kililipia. Nondo wa kabatini hupenda sufu na hariri. Kanga na vitenge ni pamba, na vinavyoliwa ni kwa sababu ya kilichomo: jasho, doa la mchuzi, na dondo. Kanga mpya ina dondo, ule wanga wa kiwandani unaoifanya isimame, na mende na vile vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifunua karatasi hupenda wanga. Mimi kisutu kile nilikuwa nimekifua na kukipiga wanga mwenyewe, nikakipiga pasi kikanyooka, nikakikunja. Nilikiandalia karamu kwa mikono yangu. Doti mpya usiihifadhi na dondo lake kwa kuogopa kuiharibu. Ifue, ikauke juani, ipige pasi ya moto bila wanga, ndipo uikunje na karafuu.

Ya pili kwa nguo ni mti wa mtarakwa, ule mwekundu wenye harufu ya penseli. Mafundi seremala wa Lushoto wanaufahamu. Omba kipande kisichopakwa vanishi. Kilichopakwa hakitoi harufu wala hakifai. Harufu ikififia kisugue kwa msasa na mafuta yatatoka tena. Kipande kimoja kitakaa miaka, na kwa hesabu hiyo ni rahisi kuliko karafuu, ila kukipata mjini ni kazi.

Mwarobaini nauweka wa tatu, na lawama si za mti. Nguvu yake kubwa iko kwenye mbegu kuliko majani, na jua kali huiua. Sasa tazama tunavyouziwa: majani yameanikwa siku nzima pembeni mwa barabara, yamesagwa, yametiwa kwenye kopo lenye picha ya jani, na bei imepanda mara tatu kwa sababu limeandikwa "asilia". Nunua mbegu, au chuma majani mwenyewe uyaanike kivulini mpaka yakauke yakiwa bado ya kijani. Yaliyogeuka kahawia yaache. Ni machungu, basi yafae maharage utakayoosha, si unga.

Majivu yaliyochekechwa yanasaidia maharage ya kukaa muda mfupi. Pilipili kavu, kidogo sana. Kivumbasi kikiwa kibichi. Ubani na udi vinapendezesha nguo, wala usivitegemee kwa wadudu.

Naftalini sitaipa nafasi, hata iwe shilingi mia mbili. Nguo za mtoto mchanga zilizokaa na vidonge vile zinaweza kumvunja chembe nyekundu za damu akapata manjano kali, hasa mtoto aliyezaliwa na upungufu wa G6PD, yaani kimeng'enya kinacholinda chembe hizo, na huku kwetu kwenye malaria watoto hao ni wengi. Kina mama bado wanaviweka kwenye begi la kwenda kujifungulia. Ukirithishwa nguo za mtoto zenye harufu hiyo, zifue na uzianike siku kadhaa kabla hazijamgusa. Na vile vidonge vya gesi vya kufukizia maghala, vinavyouzwa kwa kificho kimoja kimoja, visiingie nyumba inayolala watu. Gesi yake inaua familia nzima usingizini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba karafuu ni yetu. Mkulima wa Pemba anapanda mkarafuu mrefu, anachuma kikonyo kwa kikonyo, anaanika jamvini siku kadhaa akiikimbia mvua, kisha huku bara mtu anatuuzia makapi kwa bei ya karafuu daraja la kwanza na anakasirika ukitoa glasi ya maji. Wiki iliyopita nilikwenda sokoni na chupa yangu. Wauzaji wawili walinifukuza. Wa tatu, mzee, aliimimina maji yeye mwenyewe kwenye bakuli la kupimia, akadondosha karafuu kumi, tukainama wote wawili kutazama. Tisa zilisimama. Nilichukua nusu kilo.