Gundi ya mafundi viatu kwenye kikaragosi cha sponji

Mamba wangu wa kwanza alichanika taya mbele ya watoto wa chekechea. Nilikuwa nimemuunga kwa gundi ya fimbo, ile ya kuyeyusha kwa umeme, ambayo ikipoa inakuwa ngumu kama plastiki. Mdomo ukifunguka sponji inakunjika, gundi haikubali, basi sponji ndiyo inayochanika. Hadithi niliimalizia nimemshika mamba shavu.

Nilipofuata mabaki ya sponji kwa fundi makochi Keko nikamuuliza yeye anaungia nini. Akanyanyua kopo la gundi ya njano, hii hii ya kubandikia soli. Nikashuka Kariakoo, nikapimiwa robo lita kwa 4,000. Huu ni mwezi wa nane tangu nianze kuitumia, na vikaragosi vimefika kumi na moja.

Mwanzoni niliichukia. Nilipaka upande mmoja, nikabandika papo hapo, vipande vikawa vinateleza na gundi inachuruzika nje. Fundi viatu wa pale mtaani kwetu ndiye aliyenitoa ushamba: "Dada, mbona una haraka? Hiyo unapaka huku na huku, unaiacha ikauke, ndiyo unakutanisha." Ikauke, ndiyo ubandike! Sikumwamini mpaka nilipojaribu. Unapaka pande zote mbili utando mwembamba, unasubiri kama dakika kumi (siku za mvua huongeza), kisha unagusa kwa mgongo wa kidole. Ikivuta nyuzi, bado. Ikinata bila kubaki kidoleni, kutanisha.

Na hapo hakuna cha kusogeza. Zikigusana zimeoana. Kwa hiyo kabla ya kupaka mimi huchora vialama kwa kalamu ya wino kukatiza sehemu ya kuunga, kila sentimita tatu hivi, ili nijue kipi kinakutana na kipi. Naanza na ncha mbili, halafu katikati, halafu nabinya kwa vidole nikifuata mstari, kama mtu anayefunga sambusa. Kichwa cha duara, ambacho unatoa vipande vya pembetatu ili sponji iviringe, kinasimama chenyewe bila pini hata moja.

Usafi wa mshono, hata hivyo, unaanzia kwenye wembe. Sponji ukiisaga kwa mkasi butu inakuwa na meno, na meno hayo yanakunywa gundi. Natumia wembe mpya kila kikaragosi, navuta mkono mrefu bila kukandamiza. Gundi napaka kwa kipande cha manila badala ya brashi, naishia kabla kidogo ya ukingo wa nje, kwa sababu ikitokeza nje inakauka ukoko unaoonekana hata chini ya kitambaa. Mshono uliotulia unaukunja unavyotaka na haufunguki. Nimejaribu kuuvuta makusudi, sponji ikachanika pembeni, mshono ukabaki.

Kasoro zipo. Rangi ya njano inajionyesha kwenye sponji nyeupe, kwa hiyo kikaragosi kisichovalishwa kitambaa kisahau. Harufu ni kali na inapanda kichwani. Nafanyia barazani, mbali na jiko maana inashika moto upesi, na kopo nalifungia kabatini. Mjini hapa sote tunajua gundi hii inavutwa na nani, na ukipita stendi nayo mkononi utaangaliwa vibaya.

Jambo jingine hakuna aliyeniambia. Macho ya bundi niliyachonga kwa ile sponji nyeupe ngumu inayofungashiwa televisheni. Nikapaka gundi, nikageuka kuchukua kitambaa, kurudi nakuta mashimo. Kiyeyushi kilichomo kinaila kabisa. Macho siku hizi nashonea vifungo.

Ukiniuliza kama ununue ya kupuliza, ile ya mkebe: ni ghali, na inaruka mpaka kwenye nywele.

Nunua kidogo kidogo. Mara ya pili nilijitia ujanja nikachukua lita nzima, kifuniko sikukikaza, na safari ya wiki mbili Tanga ikatosha. Nimerudi nikakuta donge la mpira. Sasa linazuia mlango wa stoo.